Usiiwashe Simu ya Sista

"Stoo kwa Karani. Nguo za hospitali zimekauka. Zianue kabla ya saa nane mchana."

Karani alikuwa amelala chali chini ya Toyota Probox yake, spana mkononi, akikaza nati ya ekzosi. Kidude cha sikioni kilikwaruza.

"Karani kwa Stoo. Nimepata."

"Kuna jingine. Kuna mtu ameshafika kwenye kamba."

Spana ikamponyoka, ikampiga kifuani. Hata hakuisikia.

"Tangu lini?"

"Dakika tano. Shati jeupe, mkoba wa fundi. Jirani anasema alipiga hodi kwa adabu sana."

"Basi hapo ndipo kwenye balaa," alisema Karani. Nati akaiacha hivyo hivyo, nusu imekaza nusu inacheza. Stoo alipofungua mdomo kuuliza balaa gani, injini ilikuwa inanguruma.

Casio ya mkononi ilisema saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi.

Tuelewane mapema, maana kuna wasimulizi wa kijasusi wanaomzungusha mtu mpaka akasahau alikuja kutafuta nini. Nguo za hospitali ilikuwa ni simu. Samsung ndogo, ya kizamani, yenye ufa kwenye kioo. Kamba ilikuwa nyumba ya mama mmoja mjane, kilomita mia na themanini kutoka mjini, ambaye simu hiyo ilikuwa imekaa miaka saba ndani ya kopo lake la maziwa ya unga. Na saa nane mchana ndiyo saa aliyoitaja Jaji wa Mahakama Maalumu mbele ya watu wote: ushahidi wa asili usipofika, Jenerali ataachiwa aende zake. Ndege yake ilikuwa imeshajazwa mafuta.

Kosa la Jenerali halihitaji maneno mengi. Askari wake waliingia wodi namba sita, wakawatoa wagonjwa thelathini na wanane, wengine na dripu zao mkononi, wakawapanga nyuma ya chumba cha kufulia. Hakurudi hata mmoja. Muuguzi mmoja alikuwa amejibanza ndani ya kabati la mashuka, akarekodi kwa simu kupitia upenyo wa mlango na dirisha. Dakika sita na nusu. Jenerali mwenyewe anaonekana, kofia kwapani, akitoa amri kwa kupunga kiganja.

Muuguzi huyo mtaa mzima ulimwita Sista.

Video yake ilizunguka dunia nzima. Wakili wa Jenerali naye aliiona, akatabasamu. Haina tarehe, Mheshimiwa. Haina mahali. Haina jina la aliyerekodi. Hii inaweza kuwa vita yoyote ya mwaka wowote.

Na alikuwa na haki ya kutabasamu, kwa sababu video ilikuwa imesafishwa kweli.

Aliyeisafisha ni Karani.

Siku ile ile, jioni, Sista alimkabidhi nakala ndani ya gari lililoegeshwa nyuma ya ghala la saruji. Karani akafanya alichofundishwa. Jasusi ni mtu wa kufuta nyayo. Humpi barua akasahau kuichoma. Aliingiza nakala kwenye kompyuta, akafuta tarehe, akafuta mahali, akafuta kila alama iliyoonyesha imetoka kwenye simu ya nani. Aliamini anamficha Sista. Alimwambia kabisa, "Utakuwa salama."

Siku ya tatu walimkuta, naye hakurudi. Hawakuhitaji kompyuta yoyote. Walisoma orodha ya zamu iliyobandikwa kwa gundi kwenye ukuta wa wodi.

Tangu hapo Karani hakuwahi kulala usingizi wa kushiba. Kitu kimoja tu alichokifanya sawa kilibaki: alimwambia Sista aizime simu yenyewe, ampe mtu anayemwamini, na mtu huyo asiiwashe mpaka aje mtu wa mahakama. Sista aliizima saa kumi na moja na dakika saba. Akapita mlangoni kwa mama yake, akampa, akaenda kujificha.

Mtaalamu wa mahakama alikuwa ameeleza vizuri. Simu ikifika haijawahi kuwashwa tangu siku ile, tumbo lake litasema lenyewe: tarehe hii, mahali hapa, na hakuna aliyeigusa. Ikiwashwa hata dakika moja, saa yake itajirekebisha, mafaili yataandikwa upya, na wakili atasema imechezewa.

Kwa hiyo bwana wa shati jeupe hakuhitaji bomu.

Chaja ilimtosha.

Alijuaje? Wala usitafute msaliti. Sheria inautaka upande wa mashtaka uwaambie watetezi kila ushahidi unaokuja na unatoka kwa nani. Barua ilipelekwa saa mbili asubuhi. Karani naye alikuwa ameegesha dakika saba tu kutoka kwenye nyumba ile tangu alfajiri, lakini bila hati ya Jaji hakuruhusiwa kugusa hata kitasa cha mlango. Hati ilisainiwa saa tano kasoro, nakala ikamfikia Karani kwa simu. Ndiyo haki ilivyo, inatembea na makaratasi mkononi wakati wenzake wanakimbia.

Dakika saba kwa mtu mwenye akili timamu. Karani alitumia nne.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kizingiti, kando ya kandambili za mwenye nyumba, viatu vyeusi vya kiume vilipangwa vizuri, vinang'aa. Alikuwa amevivua.

Karani akagusa kitufe cha tatu cha blauzi yake. Kilikuwa kamera. Akaingia.

Makochi yenye vitambaa vya kufuma. Picha ya Sista ukutani, ndani ya sare nyeupe, anajitahidi asicheke. Juu ya meza ndogo, simu imelazwa kwenye leso iliyopigwa pasi. Waya umechomekwa ukutani. Ncha nyingine ya waya ilikuwa mkononi mwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amekaa pembeni ya kochi kama mkwe aliyekuja kujitambulisha. Chai aliyokaribishwa alikuwa ameshaimaliza.

"Shikamoo, mama," alisema Karani.

"Marahaba. Na wewe ni nani tena?" Mama Sista alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umeanza kuinama, macho makali. "Leo kwangu kuna harusi? Miaka saba hakuna anayebisha, leo wawili kwa asubuhi moja."

"Karibu, dada," alisema mwanamume, kana kwamba nyumba ni yake. "Namsaidia mama yangu huyu asikie sauti ya mwanawe. Kuna ubaya?"

"Mama, nani amemwambia kwamba kuna sauti?"

"Mimi mwenyewe nimemwambia. Ameniuliza vizuri." Mama Sista aliigusa leso, akainyoosha pembe. "Siku ile aliponipa aliniambia, mama, kuna maneno yako humo, utayasikia mambo yakiisha. Sijaiwasha. Naifuta vumbi tu, kila wiki. Sasa miaka saba, binti. Mambo hayajaisha tu?"

"Bado, mama."

"Yataisha lini?"

"Yanaweza kuisha leo. Lakini huyu akiiwasha, yamekufa."

Bwana Chaja, tumwite hivyo, akacheka kwa upole. "Mama, fikiria mwenyewe. Mtoto ni wako. Simu ni ya mtoto wako. Maneno ni yako. Huyu ni nani wa kukukataza?"

Na ukweli ni kwamba hakukosea hata neno moja. Karani alisimama pale, bastola ya Glock mgongoni, hati ya Jaji mfukoni, na vyote viwili havikumsaidia. Hata simu asingeweza kuinyakua. Mkono ule ule uliosafisha nakala ukigusa na simu yenyewe, wakili angekula sikukuu.

Akaamua kusema ukweli, jambo ambalo kazini kwake hufanywa likishindikana kila jingine.

"Mimi ndiye niliyemwambia Sista aizime."

Mama Sista akageuka taratibu. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe uliyemwambia atakuwa salama. Aliniambia. Alisema kuna dada mmoja amemhakikishia."

"Ndiyo, mama. Nilimhakikishia. Nilikosea."

Karani aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, lakini hakuinamisha uso.

Bwana Chaja alikuwa mwerevu, anajua kimya kinavyotumika. Mkono wenye waya ukaanza kusogea.

Mama Sista akaweka kiganja juu ya simu.

"Subiri kwanza," alisema.

"Mama yangu, ni dakika moja tu."

"Nimesema subiri. Mtu aliyekiri kosa mbele yangu namjua ni wa namna gani. Wewe bado sijakujua."

Hapo adabu ikaisha. Mkono wa pili wa Bwana Chaja ulizama kwenye mkoba wa fundi ukatoka na bastola ya Beretta.

"Kizee, toa mkono."

Karani alikuwa hewani kabla neno halijaisha.

Kiwiko kooni. Goti kwenye kifundo cha mkono. Beretta ikalia mara moja, ikatoboa dari, vumbi likamwagika kwenye makochi. Karani aliung'oa waya wa chaja ukutani, akauzungusha mara mbili kwenye mikono ya mwenye chaja, mara tatu kwenye nondo za dirisha. Bwana Chaja akabaki ameinama mbele ya dirisha, soksi zake safi zikiwa zimejaa vumbi la dari.

Mama Sista hakuwa ameondoa kiganja juu ya simu.

"Ametoboa dari yangu," alisema.

"Mama, nisikilize." Karani alitoa mfuko wa kijivu unaozuia mawimbi yote ya mtandao, akauweka mezani bila kusogeza mkono mbele zaidi. "Itie wewe. Funga wewe. Mimi siigusi. Kuanzia hapa mpaka mbele ya Jaji iko mikononi mwako."

Akaitia. Akafunga lakiri ya plastiki, akasoma namba kwa sauti ili kamera isikie: nne, nne, saba, moja. Fomu ya makabidhiano ilikuwa na mistari kumi na miwili. Ilihifadhiwa wapi? Kwenye kopo la maziwa. Nani mwingine aliigusa? Mimi tu. Kwa nini hukuiwasha? Mama Sista aliushikilia mstari huo muda mrefu, kalamu imesimama.

Akaandika: *Nilikatazwa na mwanangu.*

Land Cruiser nyeupe iliwapata kilomita ya sabini.

"Stoo, hapa Karani. Nina mkia. Cruiser nyeupe, watu wawili."

"Msaada uko daraja la mto. Dakika kumi na nane."

"Sina kumi na nane."

"Basi zitengeneze."

Huyo ndiye Stoo, hajawahi kuwa na neno la faraja hata siku ya mazishi. Karani alikanyaga mafuta. Probox ililalamika, ikatii. Kwenye kiti cha nyuma Mama Sista alikuwa ameukumbatia mfuko kifuani.

"Binti."

"Naam, mama."

"Siku ile ulikuwa naye kwenye gari."

"Nilikuwa naye."

"Alirekodi hayo maneno yangu wewe ukiwepo?"

Karani alitazama kwenye kioo. Cruiser imekua. "Mama, siruhusiwi kusema. Mpaka utoe ushahidi na Jaji akuachie. Wakijua nimekudokeza neno moja la yaliyomo, watasema nimekufundisha, na wewe hutaaminika tena."

"Kwa hiyo uliyasikia."

Karani akabadilisha gia.

"Uliyasikia," alisema Mama Sista. "Miaka saba unayo wewe, mimi sina."

"Funga mkanda, mama."

Cruiser ikawagonga kwa nyuma.

Probox iliyumba, ikachapa ukingo wa barabara, ikarudi. Mlango wa nyuma ukafunguka na upepo ukaingia ndani. Mfuko ukamtoka mama, ukadondoka, ukateleza mpaka kwenye ukingo wa mlango uliokuwa ukipigapiga. Mkono wa Karani ulishaenda. Vidole vilikuwa shibiri moja kutoka kwenye mfuko.

Akaurudisha mkono.

"Mama, iokote wewe."

"Magoti yangu, mwanangu."

"Najua. Iokote wewe."

Risasi ikapasua taa ya nyuma. Mama wa miaka sabini na tisa alifungua mkanda, akapiga magoti kwenye sakafu ya gari linalokwenda kilomita mia na ishirini kwa saa, akatambaa, akaushika mfuko kwa mikono miwili. Karani alimsikia akihema na kusema jina la mwanawe, lile la nyumbani, kidogo kidogo, kama anambembeleza alale. Alitaka kulia. Hakuwa na muda huo.

Mbele, kibao cha shule. Baada ya kibao, tuta.

Karani akaikumbuka ile nati.

"Shika kiti, mama. Kwa nguvu."

Tuta kama lile hupandwa taratibu, na heshima zote. Karani alilipanda kwa kasi aliyokuwa nayo. Probox iliruka, ikatua, na chini yake kitu kikakatika kwa kishindo. Bomba zima la ekzosi likabaki barabarani likirukaruka. Dereva wa Cruiser aliliona akiwa ameshachelewa. Likaingia chini, likakwama kwenye gurudumu la mbele, na gari zito lile likageuka ubavu, likasota, likasimama ndani ya mtaro, magurudumu mawili angani.

"Stoo, hapa Karani. Mkia umekatika."

"Umetumia nini?"

"Uzembe wangu wa asubuhi."

Saa nane kasoro dakika nane.

Lango la mahakama lilikuwa na mashine ya kukagua na beseni la plastiki la funguo na saa. Sauti ya Stoo ikaja sikioni, safari hii polepole.

"Karani. Upande wa mashtaka wanahitaji mtu wa kueleza kwa nini nakala ilisafishwa. Bila hivyo wakili atasema tumeitengeneza. Lakini ukisimama pale, unataja jina lako la kuzaliwa. Kamera zipo. Hutafanya kazi hii tena. Na watu wa Jenerali watakujua uso."

"Nimepata, Stoo."

"Si lazima."

"Sista naye hakulazimika."

Alikichomoa kidude sikioni, akakiweka kwenye beseni pamoja na Casio na bastola yake. Alipovuka mashine hakuchukua hata kimoja.

Akasimama. Akaapa. Akataja jina lake, lile ambalo hata mwenye nyumba aliyempangisha hakulijua. Akaeleza alivyofuta tarehe, mahali na alama.

"Kwa hiyo wewe ni mtu wa kufuta ushahidi," alisema wakili.

"Siku ile, ndiyo."

"Na tukuamini leo?"

"Msiniamini mimi. Aminini simu. Mimi sijaigusa."

Mtaalamu wa mahakama alikata lakiri mbele ya pande zote mbili, akaunganisha simu na mashine zake bila kuiwasha, akasoma. Mara ya mwisho kuzimwa: tarehe ile ile, saa kumi na moja na dakika saba. Mahali: hatua mia nne kutoka hospitalini. Tangu hapo, hakuna kitu.

Wakili hakukata tamaa. Ndiyo kazi yake. "Lakini ni nani aliyeishika? Haonekani popote. Simu inaweza kuazimwa. Hatujui kama muuguzi huyo alikuwepo kabisa."

Video ikachezwa kwa sauti yote.

Karani alikuwa ameiona mara mia. Mama Sista hakuwahi kuiona. Alikaa kwenye kiti cha shahidi, mikono mapajani, akatazama mpaka mwisho. Wagonjwa thelathini na wanane. Kofia kwapani. Kiganja kikipunga. Na karibu na kipaza sauti cha simu, pumzi za mtu aliyejibanza, zenye kafilimbi kembamba ndani yake.

"Huyo ni mwanangu," alisema.

"Wapi, mama? Haonekani."

"Sijasema namwona. Namsikia. Ana pumu tangu ana miaka miwili. Hiyo filimbi nimelala nayo chumba kimoja miaka yote, ilikuwa inaniamsha kuliko jogoo." Akanyoosha kidole kuelekea video. "Akifika hapo lazima akohoe. Hawezi kuzuia, hata iweje. Na hapo amezuia dakika zote hizo. Sijui amezuiaje. Mimi mama yake sijui."

Wakili akakaa.

Jenerali alikuwa akitazama kucha zake. Mara ya kwanza tangu kesi ianze, aliacha kuzitazama.

Saa kumi na nusu Jaji akasoma uamuzi. Video imepokelewa. Mshtakiwa hataachiwa, atarudishwa rumande na kesi itaendelea. Nyuma ya ukumbi watu wakaanza kulia, wake na waume wa marehemu wa wodi namba sita, bila kelele. Mashahidi wawili wakashukuriwa, wakaachiwa rasmi.

Kisha wakili akasimama kwa jambo moja dogo. Aliomba yaliyobaki ndani ya simu, pamoja na ujumbe wa sauti, yafungwe bila kusikilizwa mpaka watetezi wayakague na rufaa zote ziishe. Sheria ilikuwa upande wake. Jaji akakubali.

"Rufaa zinaisha lini, Mheshimiwa?" aliuliza Mama Sista kutoka kwenye benchi.

Mwenye kuuliza hivyo bila ruhusa hukaripiwa. Jaji hakumkaripia. "Miaka mitano, mama. Pengine sita."

"Mimi nina sabini na tisa."

Jaji akatazama karatasi zake. "Mahakama inasikitika."

Simu ikatiwa kwenye mfuko mpya. Lakiri mpya, namba mpya. Mama Sista aliinuka nusu mfuko ulipopita mbele yake, akakaa tena.

Kwenye korido kulikuwa na benchi la mbao na ndoo ya kudekia. Walikaa hapo, wawili. Maofisa wa kulinda mashahidi walikuwa wanaleta gari. Mama Sista asingerudi kwake. Uso wake ulikuwa umeshaonekana. Angepelekwa kwenye nyumba asiyoijua, mtaa asioujua, na kopo lake la maziwa lingebaki tupu juu ya kabati.

"Njia nzima ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Ungeniambia washa, ningewasha."

"Najua, mama."

"Yule wa chaja alikuwa na adabu kuliko wewe."

"Ndiyo, mama. Alikuwa nayo."

Mama Sista akalia. Alilia kama mtu aliyechoka kubeba, mabega yote yamelegea, na Karani hakumwambia anyamaze.

Alipotulia, Karani akageuka kwenye benchi, wakatazamana. Katika kazi yake hakuruhusiwa kuandika. Kila kitu alikibeba kichwani. Hiki alikibeba miaka saba, alikirudia kila siku akioga, asije akapoteza hata neno.

"Jaji ameshatuachia," alisema. "Sasa naruhusiwa."

Mama Sista akashika ukingo wa benchi.

"Alisema hivi. *Mama, ni mimi. Nimeloweka sare kwenye beseni la bluu, usiziache zikavunda. Chakula usinisubiri. Dawa yako ya presha iko juu ya friji, kunywa moja, siyo mbili, halafu usinidanganye kwamba ulisahau. Ya leo nitakuja kukusimulia mwenyewe. Nachelewa kidogo tu.*"

Mbali, mtu alikuwa anagonga mhuri.

"Basi?"

"Basi, mama. Ndiyo yote."

"Sare nilizikuta siku ya nne," alisema Mama Sista. "Zilikuwa zimevunda. Nilizisuuza mara tatu." Akafuta uso kwa kiganja. "Alisema kwa sauti gani?"

Karani angeweza kuingia kwenye ubalozi wowote na kutoka na faili lolote. Sauti ya Sista hakuwa nayo ya kumpa.

"Kama anakugombeza," alisema.

Mama Sista akatikisa kichwa, akacheka kidogo ndani ya machozi. "Huyo ni yeye. Alikuwa anapenda kunigombeza, mtoto yule."

Gari likaja. Maofisa wakamsaidia kupanda, mmoja kila upande, kwa sababu ya magoti. Kioo kilipokuwa kinapandishwa alimtafuta Karani kwa macho, akainua kidole kimoja. Midomo yake ilikuwa inasema, anajikumbusha: moja, siyo mbili.

Karani alishuka ngazi za mbele. Wapiga picha walikuwa wamejaa. Miaka ishirini hakuna aliyepata picha yake, hata ya kitambulisho. Hakuweka mkono usoni. Aliwaacha wapige, akapita katikati yao kwa mwendo wa mtu anayetoka kazini.

Akaingia kwenye Probox, akawasha.

Gari lisilo na ekzosi lilinguruma mpaka njiwa wa paa la mahakama wakaruka, na mtaa mzima ukageuka kumtazama. Akaweka gia. Alilia njia nzima, na kwa kelele zile hakuna aliyemsikia.